Mama wa Kwaya Hahitaji Excel

Pita Mwanjelwa, Kabwe au Uyole hapa Mbeya usome vipeperushi vya vyuo vya kompyuta vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme. Utadhani vimeandikwa na mtu mmoja. Kwanza "kompyuta ya msingi": Word, Excel, Access, Publisher, PowerPoint na intaneti. Ukimaliza, unapanda kwenye "grafiki", yaani Photoshop na wenzake. Ukimaliza hiyo nayo, ukiwa bado una ada na bado una hamu, ndipo unaruhusiwa kugusa uhariri wa video na sauti. Uliza kwa nini iwe hivyo, utajibiwa kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto: wanafunzi wana viwango tofauti, huwezi kuwachanganya. Anayejua atachoka, asiyejua ataachwa. Watenganishe, kila mmoja apande ngazi yake.

Jibu hilo linaingia masikioni kirahisi, na walimu wengi ninaowaheshimu wanaliamini. Limefika Iringa, limefika Tukuyu, limefika hata kwa wafadhili wanaokuja na mradi wa "vijana na teknolojia" na fomu ya kupima viwango mkononi. Mimi nasema halina msingi. Sisemi kwamba viwango havitofautiani, vinatofautiana sana. Nasema kwamba katika kazi ya picha, sauti na video hakuna ngazi moja ambayo watu wote wanaweza kupangwa juu yake, na anayewapanga hivyo anapima kitu kingine kabisa.

Angalia nani hasa anakuja kujiandikisha darasa la jioni hapa Mbeya. Yupo mpiga picha wa harusi na kipaimara ambaye amebeba kamera miaka mingi lakini kazi zake zote humpelekea mtu mwingine amkatie. Yupo kijana wa bodaboda anayetengeneza video za CapCut akisubiri abiria, vidole vinakwenda kuliko macho, na hajawahi kushika mausi. Yupo mwanafunzi wa diploma ya TEHAMA anayejua Windows nje ndani na hajawahi kupiga hata picha moja ambayo mtu angeitazama mara mbili. Yupo dada mwenye steshenari, bingwa wa kadi za mwaliko za Publisher. Yupo mwalimu wa sekondari, na hawa wataongezeka, maana Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali na shule zinatafuta watu wa kuufundisha. Halafu yupo mama wa kwaya, ambaye kanisa limemtuma ajifunze ili waache kulipia studio kila wanapotoa wimbo.

Sasa wapange kwa fomu ya usajili, ile inayouliza: unajua Word? Unajua Excel? Mwanafunzi wa diploma anakaa kileleni. Wa bodaboda na mama wa kwaya wanapelekwa chini kabisa, wakapige chapa barua ya kuomba kazi kwa robo nzima ya mwaka. Uliza swali jingine, kwa mfano: video hii ya dakika tatu, ungeikata wapi? Safu inageuka chini juu. Uliza la tatu: ni nini kimekosewa kwenye sauti hii? Safu inageuka tena. Safu inayobadilika kila unapobadilisha swali haiwezi kuwa ndiyo msingi wa kugawa madarasa na kutoza ada.

Nitoe kisa nilichokiona darasani. Tulikuwa na video ya kwaya, wimbo wa zaidi ya dakika nne, umepigwa kwa simu usiku ndani ya kanisa. Dakika ya kwanza ilikuwa safi. Kufika dakika ya tatu, kijana wa diploma, ambaye ndiye aliyekuwa mezani, hakuona tatizo lolote. Aliridhika kwamba faili limeingia na hakuna alama nyekundu popote. Mama aliyekaa nyuma yake akasema: "Mwanangu, hapo sauti ya pili inaingia kabla hawajafungua mdomo."

"Shikamoo mama, ngoja nitaivuta," akajibu yule kijana, akaisogeza sauti mpaka mwisho ukakaa sawa.

"Sasa umeharibu mwanzo," mama akasema. Wakarudi mwanzo. Kweli, umeharibika. Akavuta tena, mwisho ukaharibika. Mama akatazama mara moja zaidi, akasema neno ambalo kitabu cha programu hakina: sauti haikutangulia tangu mwanzo, inaachana na picha taratibu, kama wapiga ngoma wawili wasiosikilizana. Hapo kijana wa bodaboda akadakia kwamba video zake za usiku zote hufanya hivyo zikihamishiwa kwenye kompyuta, za mchana hazina shida.

Baina yao watatu walikuwa wamemaliza uchunguzi wote. Simu nyingi hazishiki kasi moja zinapopiga video. Mwanga ukiwa hafifu, simu hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde, kisha huziongeza tena. Faili linajitambulisha kuwa la fremu 30 kwa sekunde, ilhali ndani yake zinapanda na kushuka. Programu za kompyuta zinazotarajia kasi isiyobadilika, hasa yale matoleo ya zamani ya Premiere yaliyojaa kwenye kompyuta zetu, hukosea hesabu, na kosa hilo hujilimbikiza kadiri video inavyokwenda. Dawa ni kulipitisha faili kwanza kwenye programu kama HandBrake, ambayo ni ya bure, na kulitoa likiwa na kasi moja tu. Kijana wa diploma alijua pa kubonyeza ndani ya dakika mbili. Lakini bila sikio la mama asingejua kwamba kuna ugonjwa, na bila mazoea ya yule wa bodaboda asingejua umetoka wapi. Naomba mtetezi wa kugawa viwango aniambie: kati ya hao watatu, nani alikuwa wa msingi?

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ina uzito, na haifai kuikwepa. Mwaka 2011 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika hapo jirani, katika shule za msingi 121 za magharibi mwa Kenya. Shule hizo zilipewa mwalimu wa ziada wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mawili. Katika baadhi ya shule watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, katika nyingine kwa alama zao, wenye nguvu huku na wanaosuasua kule. Zilizogawa kwa alama zilifanya vizuri zaidi, na si kwa watoto wa juu peke yao. Hata waliopangwa chini walipanda. Duflo na Kremer baadaye, mwaka 2019, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa hiyo mtu akinitupia utafiti huo, hanitupii porojo.

Nauamini. Ila usomeni hadi mwisho. Kilichopimwa pale ni kusoma na kuhesabu kwa watoto wa darasa la kwanza, mambo ambayo kweli yana mpangilio: asiyejua herufi hasomi neno, asiyejua neno hasomi sentensi. Ndani ya shule moja kila mtoto alipimwa kwa kipimo kilekile na alama yake ikasema jambo lilelile kwa kila mmoja. Hapo ngazi ipo, na kuwagawa watoto juu yake ni haki. Tena walikuwa na mwalimu wa pili. Chuo cha chumba kimoja pale Kabwe kina mwalimu mmoja na kompyuta ambazo baadhi hazina hata kibodi nzima. Kugawa madarasa matatu maana yake ni kumgawa mwalimu huyohuyo vipande vitatu. Na waandishi wenyewe walipoeleza kwa nini ugawaji ulisaidia, walitaja mwalimu: kwenye darasa la mchanganyiko mwalimu huelekea kuwafundisha wale wa juu na kuwaacha wengine. Hilo ni kosa la ufundishaji, nami nalipigia kelele kama wao. Dawa yake ni kubadilisha anachofanya mwalimu.

Wengine hutetea ngazi kwa mfano wa ufundi. Hapa Mbeya mfano huo una heshima yake: kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya leo ni chuo kikuu, MUST, na VETA hutoa tuzo zake kwa hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuna anayetaka mwanafunzi wa umeme afungue boksi la fezi tatu siku ya kwanza. Akikosea, anakufa. Mwanafunzi wa Photoshop akikosea anabonyeza Ctrl na Z. Hii si tofauti ndogo. Utaratibu mkali wa kupanda hatua ulitungwa kwa kazi ambazo kosa lina gharama kubwa, ya damu au ya mali. Sisi tumeuchukua mzimamzima na kuupeleka kwenye kazi ambayo kukosea ndiko kujifunza kwenyewe, na hakuna hata senti inayopotea. VETA hiyohiyo, kwa mpango wake wa urasimishaji wa ujuzi, humpima fundi aliyejifunzia gereji na kumpa cheti bila kumrudisha kidato cha kwanza. Serikali imekubali kwamba watu hufikia ujuzi kwa njia nyingi. Vyuo vya mtaani bado.

Na tuseme lile ambalo halisemwi. Hatua tatu ni ada tatu. Simtaji mtu wala chuo, na najua kodi ya pango na bili ya umeme haviwasubiri wenye falsafa. Lakini mkurugenzi anaponiambia kwamba lazima mama wa kwaya apite Access kwanza, nina haki ya kuuliza hiyo Access ni ya faida ya nani.

Ubaya mwingine wa ngazi ni kwamba hujengwa kwa majina ya programu, na programu zinakufa. Waliopanda ngazi ya Windows Movie Maker waliona Microsoft ikiiacha mwanzoni mwa 2017. Mwaka huohuo Adobe iliacha kuuza Director, programu ambayo zamani ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa kozi za medianuwai duniani kote. Flash, iliyofundishwa kwa muhula mzima mzima, ilizimwa mwisho wa 2020. Mwaka huo wa 2020 ndipo CapCut ilipoanza kusambaa nje ya China, na leo iko kwenye simu ya kila kijana wa Mafiati. Watu wa redio wanalijua hili kuliko walimu. Cool Edit ilinunuliwa na Adobe mwaka 2003 ikageuka kuwa Audition, lakini utakuta studio ambako bado wanaiita Cool Edit na kazi inatoka vilevile, kwa sababu aliyejifunza kusikia mahali pa kukata pumzi ya mtangazaji hajali kitufe kimehamia wapi. Aliyekariri kwamba mkasi uko wa tatu kutoka juu ndiye anayerudi kulipa ada upya.

Wenzangu watasema: lakini bila msingi wanapoteza faili. Ni kweli kabisa, na hili ndilo jibu bora walilonalo. Kila mwalimu wa uhariri ameliona: mwanafunzi anaingiza video moja kwa moja kutoka kwenye flashi, anafanya kazi jioni nzima, anachomoa flashi anakwenda nayo nyumbani. Kesho yake anafungua mradi anakuta skrini nyekundu tupu, picha zote hazionekani. Waliokulia kwenye simu ndio hupatwa zaidi, kwa kuwa simu huwaficha folda. Kwao picha ziko "kwenye galari", basi.

Lakini angalia somo la folda linafundishwa lini. Linafundishwa wiki ya kwanza, kwa folda tupu iliyoandikwa "Folda Mpya", kwa mtu ambaye hajapoteza chochote. Analisahau kabla hajafika stendi. Mfundishe asubuhi ile ya skrini nyekundu, harusi ya watu ikiwa imo humo ndani, na atakuonyesha folda zake mpaka anazeeka. Msingi upo, sibishi. Ninachobishia ni kuutanguliza kabla mtu hajauhitaji, na kumzuia mlangoni mpaka aumalize.

Lakini kuwaweka watu chumba kimoja pekee hakusaidii. Madarasa mengi ya mchanganyiko niliyoyaona ni mabaya. Mwalimu yuko mbele na projekta: "Bonyeza hapa, halafu hapa, nani hajafika?" Nusu hawajafika. Wengine walifika kitambo, wameshafungua mechi ya Simba na Yanga chini ya meza. Aliyeona hali hiyo akakimbilia kuwagawa simlaumu sana. Namlaumu kwa kuishia hapo, kwa kutohoji kwa nini watu wote wanafanyishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja katika kazi ambayo duniani kote hufanywa na watu tofauti wakigawana.

Wape kazi moja ya kweli. Tangazo la dakika mbili la muuza mchele wa Kyela katika soko la Soweto linatosha. Anayepiga picha akapige, anayejua sauti asimamie kinasa, wa CapCut akate rasimu ya kwanza kwenye simu yake palepale sokoni, mwenye Publisher aandike bei na namba kwenye skrini. Kisha wabadilishane. Hapa ndipo walimu hulegea: wasipobadilishana, asiyejua atashika stendi ya kamera mpaka kozi iishe na aliyejua ataondoka na alichokuja nacho. Kanuni yangu darasani ni moja na siivunji: anayejua hagusi mausi ya mwenzake. Aeleze kwa mdomo. Kijana wa diploma anayelazimika kumweleza mama kwa maneno mahali pa kubonyeza hugundua haraka sana ni mambo mangapi alikuwa anayafanya bila kuyaelewa.

Hata anayelalamika kwamba amelipa ada ajifunze, si afundishe wengine, ana haki yake, na haki hiyo hupatikana ndani ya kazi ileile. Tangazo la muuza mchele litatumwa WhatsApp, na WhatsApp kwa miaka mingi haikupokea video inayozidi MB 16. Kwa anayeanza, hiyo ni hesabu ya kugawanya: MB 16 ni megabiti 128, zigawe kwa sekunde 120, unapata megabiti moja na ushei kwa kila sekunde, picha na sauti humohumo. Kwa aliyeendelea, swali gumu ndipo linapoanzia. Mchele mweupe uliomwagwa juu ya gunia lenye nyuzi nyuzi huvunjika vibaya kwa kiasi hicho cha data. Je, apunguze ukubwa wa picha, abadilishe namna ya kubana, au arudi sokoni akapige upya kamera ikiwa imetulia? Na rangi za simu na za kamera atazilinganishaje? Huyo hana muda wa kuchoka. Dawati ni lilelile, muuza mchele ni yuleyule, na mwenzake wa pembeni anajifunza kugawanya.

Mtihani nao ubadilike. "Taja zana kumi za Photoshop na kazi zake" unapima kumbukumbu, na unampendelea yuleyule wa diploma. Tazameni kazi iliyotoka, kisha kila mmoja aeleze mbele ya wenzake sehemu ambayo hakuifanya yeye. Mfumo wetu wa mafunzo ya ufundi umekuwa ukihubiri kupima umahiri kwa miaka sasa, kwa hiyo hakuna kibali kipya kinachohitajika.

Yapo yatakayobaki magumu. Umeme utakatika katikati ya kurenda, na kompyuta moja kwa watu watatu ni chache hata wakipendana namna gani. Mzee mmoja atahitaji wiki nzima kuzoea mausi, na utakaa naye. Hayo yangekuwepo pia kwenye madarasa yaliyogawanywa, mara tatu.

Wakurugenzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa, wengi wenu mnaandaa vipeperushi vya muhula ujao. Ondoeni sharti la Word na Excel mbele ya kozi ya video na sauti. Kwenye fomu ya usajili futeni "unajua programu gani?" muandike "unataka kutoa kazi gani, na umeshawahi kufanya nini?" Mama aliyetumwa na kwaya akija na jibu lake, mpeni kiti jioni hiyohiyo.